Kutembelea msitu mdogo vijijini Uingereza: mwongozo kwa anayekwenda mara ya kwanza

Kila mwaka ikifika Aprili simu yangu hujaa maswali yaleyale. Kuna kiingilio? Tunaruhusiwa kuingia, au ni mali ya mtu? Kuna nyoka? Nivae viatu gani? Mtoto wa miaka minne ataweza? Wanaouliza ni jamaa waliokuja Uingereza kwa kazi ya uuguzi, wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na wazee waliokuja kuwatembelea watoto wao. Shangazi yangu alipofika kutoka Muheza aliniuliza yote hayo asubuhi moja, kabla chai haijapoa. Nimeyajibu mara nyingi mno, nikaona bora niyaandike yakae mahali pamoja.

Ninaposema msitu mdogo nina maana ya kipande cha miti chenye hekta kama 10 hadi 80, katikati ya mashamba ya ngano na malisho. Humo kuna mialoni, hazeli, eshi na mibetula, miti ya majani mapana inayopukutisha majani yote kabla ya baridi kuingia. Usitarajie msitu mkubwa kama wa Amani kule Tanzania au Kakamega kule Kenya. Msitu wa hekta 30 ungekuwa mraba, kila upande ungekuwa na mita 550 tu. Ukiamua kuuvuka, dakika kumi zinatosha, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanauvuka, wanarudi kwenye gari, wanasema hakuna kitu. Mimi naupenda msitu wa namna hii kupita kiasi, na kila nikisikia maneno hayo huniuma. Msitu mdogo unataka mwendo wa kinyonga. Utengee saa tatu.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuondoka

- Gambuti, au viatu vya kutembelea milimani visivyopitisha maji. Misitu mingi ya mashariki mwa Uingereza imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi, na tope lake hudumu hadi Mei hata kama mjini hapajanyesha wiki nzima. Raba nyeupe ziache nyumbani.
- Suruali ndefu na soksi ndefu, hata Julai. Anayevaa baibui au dira avae suruali ndani na apandishe pindo kidogo, maana michongoma hunasa kitambaa na kukichana.
- Koti la mvua na sweta. Chini ya miti kuna baridi kuliko uwanjani.
- Simu yenye chaji kamili, na ramani ya eneo uliyoipakua kabla. Mtandao wa simu vijijini hukatika.
- Chai kwenye chupa, maji, na chakula. Hakuna duka wala kibanda. Maandazi yanakaa vizuri mfukoni kuliko chapati zenye mchuzi.
- Kibano chenye ncha nyembamba cha kutolea kupe.
- Mfuko wa taka zako, na karatasi za msalani. Misitu mingi midogo haina choo, kwa hiyo tumia cha stesheni au cha mkahawa kijijini kabla hujafika.
- Msala mdogo, kwa anayeswali. Ukiwa Uingereza, kibla kiko kusini-mashariki. Desemba adhuhuri na alasiri zimekaribiana sana, kwa hiyo panga mapema.

Darubini ikiwepo ni nzuri, isipokuwepo usiinunue kwa ajili ya safari ya kwanza. Mwongozaji wa kulipwa huhitaji.

Hatua ya 1. Chagua msitu unaoruhusiwa kuingia

Sheria za Uingereza si za Uskoti. Kule Uskoti, kwa sheria ya mwaka 2003, mtu anaweza kutembea karibu kila mahali mradi awe na adabu. Uingereza msitu una mwenyewe, na unapaswa kujua unaingia kwa ruhusa gani.

Rahisi kuliko yote ni misitu ya taasisi za hifadhi. Woodland Trust, iliyoanzishwa mwaka 1972, ina misitu zaidi ya 1,000 na kuingia ni bure. Tovuti yao ina sehemu ya kutafuta: andika jina la mji wako, itakuletea iliyo karibu. Karibu kila kaunti ina taasisi yake ya hifadhi ya viumbe pia, nyingi zikibeba jina la kaunti na maneno "Wildlife Trust".

Kuna misitu ya watu binafsi ambayo njia ya umma inapita ndani yake. Huko una haki kamili ya kutembea juu ya njia hiyo, lakini si kutoka nje yake. Na kuna michache inayotaka kibali: Wytham karibu na Oxford ni wa chuo kikuu, na watafiti wamekuwa wakifuatilia ndege wake tangu mwaka 1947. Usiende bila kuomba kibali kwanza.

Ukinitaka nikutajie mmoja, nitakutajia Bradfield Woods, Suffolk, karibu na mji wa Bury St Edmunds. Una njia zenye alama za rangi, na historia yake nitaieleza ukifika hatua ya 6. Lakini kama ulio karibu nawe ni mdogo na haujulikani, nenda huo. Msitu wa karibu utaurudia tena, wa mbali utabaki picha kwenye simu.

Hatua ya 2. Chagua wiki

Hili ni muhimu kuliko viatu. Msitu huu hubadilika kila baada ya wiki mbili au tatu.

Machi hadi katikati ya Aprili miti bado iko uchi, jua linafika chini, na maua meupe ya anemone hutandaa ardhini. Kisha, mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei, huja blubeli. Kama utakwenda mara moja tu maishani, nenda wiki ya mwisho ya Aprili au ya kwanza ya Mei. Ardhi yote hugeuka rangi ya buluu inayokaribia zambarau, na harufu yake ni tamu kwa mbali. Inakadiriwa kuwa karibu nusu ya blubeli wote duniani wako katika visiwa hivi. Maua haya huharakisha kuchanua kabla majani ya juu hayajafunga na kuwanyima jua. Ukichelewa hadi Juni utakuta kijani kizito na giza.

Julai na Agosti, niseme kweli, ndiyo miezi ninayoipenda kidogo kuliko yote: ndege wamenyamaza, kupe ni wengi, kivuli ni kizito. Ila siku ya joto kali, kivuli hicho hicho ni neema. Mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Novemba majani hugeuka manjano na kahawia na uyoga hujitokeza kila mahali. Majira ya baridi nenda kwa ajili ya utulivu, na uwe tayari kwa tope.

Hatua ya 3. Panga safari, na uangalie saa mara mbili

Saa za Kizungu na saa zetu zimewakosesha watu wengi basi. Rafiki yangu ana mkwe Mwingereza anayejifunza Kiswahili kwa bidii. Siku moja alimwambia mama mkwe wake watatoka "saa tatu". Yeye alimaanisha alasiri, saa tisa yetu. Mama akavaa gambuti tangu asubuhi, akakaa sebuleni na kapu lake mpaka mchana ukaisha. Kwa hiyo ratiba ikiandika 14:30, andika pembeni kwa mkono wako: saa nane na nusu mchana. Kumbuka pia saa husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Angalia jua linazama saa ngapi. Kusini mwa Uingereza katikati ya Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri, na ndani ya msitu giza hutangulia. Juni huzama baada ya saa tatu usiku. Majira ya baridi fika kabla ya saa tano asubuhi, usije ukaanza kutembea wakati wenzako wanarudi.

Mabasi ya vijijini ni machache, na Jumapili sehemu nyingi hayapo kabisa. Angalia basi la kurudi kabla hujapanda la kwenda. Kwa gari, usitegemee msimbo wa posta peke yake, kwa kuwa vijijini msimbo mmoja hubeba eneo kubwa na utajikuta kwenye ua wa mkulima. Tafuta mahali hasa pa maegesho kwenye ukurasa wa msitu huo. Usiegeshe mbele ya lango la shamba hata kama linaonekana halitumiki, trekta linaweza kuhitaji kupita wakati wowote.

Mwisho, fungua utabiri wa hali ya hewa wa Met Office. Kama kuna onyo la upepo, la manjano, la chungwa au jekundu, ahirisha. Miti ya eshi inakufa kwa wingi kutokana na ugonjwa wa kuvu uliothibitishwa Uingereza mwaka 2012, na matawi makavu huanguka bila taarifa.

Hatua ya 4. Jifunze alama chache

Ramani za kutembelea kwa miguu hutolewa na Ordnance Survey. Unayoitaka ni ile yenye jalada la rangi ya chungwa, kipimo cha 1:25,000, ambapo sentimita nne za ramani ni kilomita moja ya ardhi. Ipo ya karatasi na ya kwenye simu. Juu yake vistari vya kijani ni njia ambazo umma una haki ya kupita: vifupi ni vya waenda kwa miguu, virefu ni vya farasi na baiskeli pia. Alama ya mti wa mviringo ni msitu wa majani mapana, yenye ncha ni misonobari.

Kosa la kawaida: kufuata vistari vyeusi. Hivyo vinaonyesha kuwa kuna njia ardhini, havisemi kuwa una haki ya kuipita.

Ukiwa njiani utaona mishale midogo iliyopigiliwa kwenye nguzo. Wa manjano ni njia ya miguu, wa buluu ni ya miguu, baiskeli na farasi. Kibao cha "Public Footpath" kinakukaribisha. "Permissive path" maana yake mwenye ardhi amekuruhusu kwa hiari yake na anaweza kuifunga. "Private" inahusu ardhi ya pembeni: kama mshale wa njia ya umma unapita hapo, kibao hicho hakikuzuii kubaki njiani.

Hatua ya 5. Vuka mashamba kwa utulivu

Mara nyingi kati ya barabara na msitu kuna shamba moja au mawili. Lango liache ulivyolikuta: lililokuwa wazi liache wazi, lililofungwa lifunge nyuma yako. Penye uzio pana vidaraja vya mbao vya kukanyaga na kuvukia. Mwinue mtoto, usimwache aruke, mbao zikilowa huteleza.

Ng'ombe wenye ndama uwape nafasi kubwa. Sisi tuliokua karibu na ng'ombe wapole wa kufungwa zizini huwa tunawadharau hawa, na ni kosa. Hawajazoea kushikwa, wako kundi, na ni wakubwa. Usipite katikati ya mama na mwanawe. Zunguka, tembea kwa kawaida, usikimbie.

Mbwa watakuwepo, na wengi hawajafungwa. Anayewaogopa au asiyetaka kuguswa nao kwa ajili ya twahara afanye hivi: asimame, akunje mikono kifuani, asimtazame mbwa machoni, na amwambie mwenyewe waziwazi, "Please call your dog." Watu wengi huwaita mara moja. Kukimbia humfanya mbwa adhani ni mchezo.

Watu mtakaopishana nao husalimiana kwa neno moja tu, "Morning" au "Hello". Itikia na uendelee. Na niseme jambo moja wazi, kwa sababu limenipata. Kuna siku mzee mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza kama nimepotea, kisha akaniuliza nina shughuli gani pale. Nilimwonyesha mshale wa manjano, nikampungia mkono, nikaendelea. Njia ya umma ni ya kila mtu aliyeko nchini. Huhitaji kujieleza unakotoka ndipo uipite.

Hatua ya 6. Ukiingia, simama

Hatua kumi baada ya kuingia, simama dakika tano kamili. Tumia saa. Usipige picha. Macho yanazoea kivuli, na ndege walionyamaza uliposogea wanaanza tena kulia mmoja mmoja.

Kisha anza kutazama chini ya miti, si juu. Utaona visiki vipana vinavyotoa vijiti vingi vilivyonyooka kama vidole vya mkono. Hiyo si miti iliyoharibiwa. Kwa karne nyingi watu wa hapa wamekuwa wakikata hazeli na eshi karibu na ardhi, kisiki kinachipua upya, na baada ya miaka kadhaa wanarudi kukata tena. Kwa hazeli huwa miaka saba hadi kumi. Bradfield Woods kazi hiyo imeendelea tangu mwaka 1252, msitu ulipokuwa mali ya watawa wa abasia ya Bury St Edmunds. Vijiti vilitengenezwa reki, mipini na nyuzio. Miaka ya 1960 sehemu kubwa iling'olewa ili kupanda mazao, na kilichobaki kiliokolewa kwa juhudi za watu waliougombania. Kwa hiyo ukikuta eneo limekatwa upya na limejaa jua, usihuzunike kama shangazi yangu alivyohuzunika. Rudi mwaka unaofuata mwezi wa tano ulione lilivyojaa maua.

Uingereza huuita msitu wa kale ule ambao umekuwepo mfululizo tangu angalau mwaka 1600. Dalili zake unaweza kuziona bila kitabu: ukingo wa udongo na mtaro wa zamani pembeni yake, njia zisizonyooka, visiki vipana kupita kiasi, blubeli na anemone kwa wingi.

Hatua ya 7. Tembea, kaa, sikiliza

Tembea dakika kumi, kaa kumi. Chagua gogo au kisiki, toa chai. Asiyetembea ndiye anayeona: kindi wa kijivu watakuja, ndege mdogo mwenye kifua chekundu atakaribia miguu yako kutafuta wadudu ulioibua. Jioni kulungu hutoka pembezoni. Mlio wa haraka kama ngoma kavu, Februari hadi Aprili, ni kigong'ota anatangaza eneo lake.

Kuanzia Aprili sikiliza kekeo, ndege ambaye Waingereza humwita cuckoo. Huyu ana habari na sisi. Tangu mwaka 2011 watafiti wa British Trust for Ornithology wamewafunga kekeo wa Uingereza vifaa vidogo vya setilaiti, wakagundua kuwa majira ya baridi huyapitisha katika misitu ya bonde la Kongo. Wakubwa huanza kuondoka Juni. Nilimwambia hivyo jirani yangu wa Bukavu tukiwa tumekaa chini ya mwaloni, tukamsikia mmoja upande wa pili wa shamba, na hakusema neno kwa muda mrefu.

Mkiwa na watoto, wape kazi: kutafuta majani ya maumbo matano tofauti yaliyoanguka, au kuhesabu milio. Mtoto wa miaka minne anaweza, ila kigari chake kitakwama kwenye tope. Mbebe mgongoni kwa kanga kama nyumbani, ndiyo njia bora.

Onyo la blubeli: usikanyage nje ya njia, hata hatua moja ya kupigia picha. Majani yakipondwa, mmea unashindwa kujitengenezea chakula, na kundi lililokanyagwa huchukua miaka kurejea. Kila mwaka naona vijia vipya vilivyochimbwa na watu wa picha, vimebaki tope tupu. Simama njiani, chuchumaa, elekeza simu usawa wa maua. Picha inatoka nzuri zaidi.

Hatua ya 8. Kabla hujachuma chochote

Sheria hairuhusu kung'oa mmea wa porini na mizizi yake bila idhini ya mwenye ardhi, na blubeli analindwa na sheria ya mwaka 1981. Matunda ya michongoma, yale meusi ya Agosti na Septemba, unaweza kuchuma ya kula nyumbani, si ya kuuza, isipokuwa pale kibao kinapokataza. Kuni ni mali ya mwenye msitu, usibebe. Moto usiwashe, hata jiko dogo la mkaa.

Kitunguu saumu mwitu huota kwa wingi na harufu yake hujaza njia. Tatizo ni kwamba katikati yake huweza kuota mimea yenye sumu yenye majani yanayofanana nayo. Watu husema ukinusa vidole utajua, lakini ukishashika majani kumi, vidole vyako vinanukia saumu hata ukishika sumu. Kama huwezi kukagua jani moja moja, acha.

Uyoga ndio unaonitia hofu. Wengi wetu tumekula uyoga wa kichuguu tangu utotoni na tunaamini macho yetu. Uyoga ule hukua pamoja na mchwa wa kwetu, na Uingereza haupo. Unaofanana nao hapa waweza kuwa mwingine kabisa. Kuna mmoja wa kijani hafifu, Amanita phalloides, unaoota chini ya mialoni. Unaharibu ini, na dalili huchelewa saa nyingi hadi sumu imeshafanya kazi. Upige picha, uuache. Bibi akisisitiza kuwa anaujua, mkatalie kwa heshima.

Hatua ya 9. Jikague kupe

Fanya hivi kabla ya kuoga, jioni ileile. Kupe wa hapa ni mdogo, mara nyingine kama mbegu ya ufuta, na baadhi yao hueneza ugonjwa wa Lyme. Tazama nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, kwenye kinena, na kwa watoto kwenye nywele na nyuma ya masikio.

Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute polepole juu bila kuzungusha. Usimpake mafuta, usimchome na kiberiti. Safisha kwa sabuni. Andika tarehe. Kwa wiki kadhaa zinazofuata angalia kama panatokea duara linalopanuka, au homa na uchovu usio na sababu. Kwenye ngozi nyeusi duara hilo halionekani jekundu kama kwenye picha nyingi: linaweza kuwa la weusi uliozidi, kama alama ya jeraha lililovilia damu. Nenda kwa GP, daktari wa kliniki ya mtaani kwako, na umwambie waziwazi, nilitembea msituni tarehe fulani. Ukiwahi, dawa za antibiotiki hutibu.

Ukikwama

Umepotea. Usiogope, msitu ni mdogo. Simama, sikiliza barabara au trekta, chagua upande mmoja na uufuate bila kukunja. Ndani ya robo saa utafika ukingoni, kisha fuata ukingo hadi njia.

Umeumia au mwenzako hawezi kutembea. Piga 999. Watakuuliza uko wapi: wape nambari ya gridi kutoka kwenye ramani ya simu, herufi mbili na tarakimu sita, au maneno matatu ya what3words, programu ya simu inayotaja kila mahali kwa maneno matatu. Mtandao ukiwa hafifu, ujumbe mfupi huweza kupita pale sauti inaposhindwa, lakini lazima uwe umejisajili kabla: leo hii tuma neno "register" kwenda 999 na ufuate maelekezo.

Majani yamekuwasha. Ni mmea wa jamii ya ule unaoitwa thabai milimani Kenya. Usikune, osha kwa maji, utapoa wenyewe.

Umeona nyoka. Mwenye sumu ni mmoja tu nchini, kipiri mwenye mstari wa pembepembe mgongoni. Ni mwoga, rudi nyuma naye ataondoka. Akikuuma, tulia, usikate wala kufunga mguu kwa kamba, piga 999.

Unasikia bunduki. Kati ya tarehe 1 Oktoba na 1 Februari ni msimu wa kuwinda ndege aina ya fezanti. Baki kwenye njia, ongea kwa sauti ili wakusikie, na ukiweza subiri wamalize.

Njia imezibwa na uzio au mazao. Usivunje kitu. Zunguka kama ni salama, piga picha, na uitaarifu halmashauri ya kaunti, ambayo ina wajibu wa kulinda njia za umma.

Mlikwenda na hamkuona kitu. Mlikuwa wangapi, na mlikuwa mnaongea? Rudi baada ya wiki tatu, mmoja au wawili, saa moja asubuhi. Kaa palepale ulipokaa mara ya kwanza, uweke simu mfukoni, na usiinuke mpaka chai iishe.